Afya ya wafanyakazi kwa bajeti ndogo: tuanzie wapi?

Kampuni ya watu thelathini au arobaini ikipata kafungu ka afya ya wafanyakazi, jambo la kwanza kufikiriwa ni bonanza. Fulana, maji, spika, uwanja wa shule ya jirani, na pembeni hema la kupima presha na sukari. Siku inaisha, na Jumatatu keshia yule yule aliyekimbia mita mia anasimama zamu nzima kwa sababu kaunta haina stuli.

Wanaotetea siku hizo wana hoja nzito. Presha haiumi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajijui. Dereva anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala hawezi kwenda kupanga foleni zahanati ilhali hajisikii kuumwa. Kazini ndiko anakopatikana. Akipimwa pale ikasoma 180 kwa 110, na akapelekwa hospitali, huenda ameepushwa na kiharusi.

Upande wa pili una ushahidi kutoka Marekani. Mwaka 2010 watafiti Katherine Baicker, David Cutler na Zirui Song walikusanya tafiti zilizokuwepo, wakaona kila dola moja ya programu za afya kazini inapunguza gharama za matibabu kwa takriban dola 3.27. Mwaka 2019 Baicker na Song wakarudi na utafiti madhubuti zaidi, katika maduka ya BJ's Wholesale Club yenye wafanyakazi karibu 33,000. Vituo vya kupewa programu vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, waliopewa walisema wanafanya mazoezi zaidi, lakini presha, gharama za matibabu na utoro havikuonyesha tofauti ya maana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois ulieleza sehemu ya kitendawili hicho: wanaojiunga na programu hizi huwa tayari wana gharama ndogo za matibabu kuliko wenzao. Ukiwalinganisha na wasiojiunga, programu inapewa sifa isiyo yake.

Kwangu mimi, matokeo hayo hayafuti hoja ya vipimo hapa Tanzania, ambako kipimo cha kazini kinaweza kuwa cha kwanza katika maisha ya mtu. Vipimo vibaki, ila kwa sharti kwamba aliyekutwa na tatizo anapewa ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku. Bonanza nalo lina heri yake, watu wanacheka pamoja na bosi, lakini lisimamiwe na fungu la sherehe.

Shilingi ya kwanza ningeipeleka kwenye ratiba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walionyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35% kuliko wa saa 35 hadi 40. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwajiri atasema hayo ni sheria, si programu ya afya. Sawa, lakini ni wangapi wanaoyatekeleza? Tena si bure: keshia akienda kula, lazima awepo wa kumshikia kaunta. Huyo mtu wa kushikia ndiye ningemlipia kwanza, kisha stuli.

Jambo jingine ni tarehe ya mshahara. Ukichelewa siku kumi, kodi ya nyumba haisubiri, na mtu anaangukia mikopo ya kausha damu. Mtu wa namna hiyo halali vizuri, na semina ya msongo wa mawazo haitamfikia alipo. Najua mwajiri mdogo naye anacheleweshewa malipo na wateja wake. Basi aseme mapema: tarehe 20 watu wajue kwamba tarehe 25 ni nusu na nyingine itaingia lini, wapate kuongea na mwenye nyumba.

Tahadhari ya mwisho ni siri. Katika ofisi ndogo, karatasi ya majibu ikipita mezani kwa mhasibu, jioni kila mtu anajua. Majibu abaki nayo mhudumu wa afya na aliyepimwa, mwajiri apewe jumla tu, mfano watu sita wana presha ya juu. Na kama idadi ni ndogo kiasi cha kumtambulisha mtu, hata jumla isitolewe. VVU visiingizwe kabisa kwenye hema la kampuni pasipo faragha ya kweli. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu hayo, lakini mtu akishajulikana, sheria haiwezi kuwasahaulisha wenzake.