Skafu Ndiyo Iliyokula

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaitangaza habari hii katika kundi letu la WhatsApp, tena akaambatanisha picha, na kwa kuwa tangu jana asubuhi watu ambao sijawasiliana nao kwa miaka mitatu wananitumia salamu ya "Napasha karoti", nimeona ni heri niieleze mwenyewe, kwa utaratibu, kabla haijamfikia mama yangu. Picha siikanushi. Ninachokikanusha ni maelezo yaliyoandikwa chini yake, kwamba nilikutwa "nimeingiza kichwa katika sufuria ya maharagwe". Kichwa hakikuingia. Kilichoingia ni skafu, na hata hiyo, mara ya kwanza iliingia yenyewe.

Mnaonifuatilia mnakumbuka tangazo langu la siku thelathini za kula vyakula vibichi tu, na baadhi yenu mliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimetazama nje kabla ya kuchagua mwezi. Sikuwa nimetazama. Nilianza katikati ya majira ya baridi, na katika ripoti yangu ya siku ya sita niliandika, kwa maneno ambayo sasa narudishiwa moja moja kama deni, kwamba baridi ni fikra tu. Wakati naandika hayo nilikuwa nimevaa soksi jozi mbili. Kufikia siku ya kumi na tisa, ambayo ndiyo siku ya tukio, zilikuwa jozi nne na viatu havikunitosha tena. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Mimi zangu hazikufika hata nusu.

Ladha ya vyakula vibichi niliizoea haraka. Hesabu ndiyo iliyonishinda. Gramu 100 za tango zina takriban kilokalori 15, kwa sababu karibu asilimia 95 ya tango ni maji, kwa hiyo mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, akiamua kuzitafuta kwenye matango peke yake, atalazimika kula zaidi ya kilo 13, na kabla hajamaliza kutafuna itakuwa kesho. Isitoshe, kilo moja ya tango iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 4 ni lazima ifikie nyuzi 37 ikishakuwa tumboni, na joto la kuifikisha huko, ambalo ni takriban kilokalori 33, linatoka mwilini mwako wewe mwenyewe. Ni sawa na kumkaribisha mgeni aliyekuletea 150, kisha kabla hajakaa anakuomba 33 za nauli. Najua kuna mtu anayetaka kuniandikia habari za lozi na maparachichi. Nilivila vyote viwili, na ndivyo vilivyonifikisha siku ya kumi na tisa nikiwa hai. Lakini lozi haitoi mvuke, ndugu yangu, na mtu mwenye baridi anatamani mvuke.

Sheria niliyojiwekea ilikuwa ya nyuzi 42. Wanaofuata mlo huu hawakubaliani juu ya mpaka, ingawa wengi huuweka kati ya nyuzi 40 na 48 za Selsiasi, wakisema kwamba joto likizidi hapo vimeng'enya vya chakula, yaani vichocheo vya asili wanavyoamini husaidia mmeng'enyo, huharibika. Nilinunua hata kipimajoto cha jikoni chenye sindano ya chuma, nikawa natembea nacho mfukoni kama daktari. Rafiki yangu, ambaye ndiye mwenyeji wetu na ndiye mpiga picha, alinieleza mara nyingi kwamba vimeng'enya hivyo ni protini, na kwamba asidi ya tumbo huvivunja hata vikifika salama salimini. Nilimjibu kwamba Maximilian Bircher-Benner, daktari wa Uswisi aliyefungua kituo chake cha matibabu mjini Zurich mwaka 1904 na kuwalisha wagonjwa matunda na mboga mbichi, alifanya kazi hiyo katika nchi yenye theluji bila kulalamika. Jibu hilo lilimnyamazisha kwa siku mbili, hadi aliposoma mahali kwamba muesli ya daktari huyo, yaani mchanganyiko wake wa shayiri iliyolowekwa na tufaha bichi lililokwaruzwa, ilitiwa pia maziwa mazito ya kopo yenye sukari, ambayo hayawezi kuwa mazito bila kupitia motoni. Tangu hapo nimekuwa nikibadilisha mazungumzo.

Basi tulikuwa watu sita nyumbani kwake kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Usiku wa kwanza nilitengeneza kile ambacho vitabu vya mlo huu hukiita supu: kabichi na tango katika blenda, ukiiacha izunguke dakika nyingi mpaka msuguano wa visu uupashe moto mchanganyiko wenyewe. Baada ya dakika saba kipimajoto kilisoma 41, mchanganyiko ulikuwa na rangi ya bwawa, na watu watano walikuwa wamesimama mlangoni wakiwa wamevaa nguo za kulalia. Nilipigwa marufuku kugusa blenda baada ya saa mbili usiku. Naomba marufuku hiyo izingatiwe, kwa sababu bila hiyo tusingefika hapa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba sufuria yenyewe niliisimamia mimi. Jioni ya siku ya pili mwenyeji alitaka kupika maharagwe mekundu kwa ajili ya chakula cha mchana wa kesho yake, nami, ambaye sikuwa na haki ya kuyala, nilisimama pembeni ya jiko nikitoa hotuba: kwamba maharagwe mekundu mabichi yana sumu, kwamba punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu, kwamba ni lazima yalowekwe, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10. Alinisikiliza kwa subira. Akayachemsha mpaka yakalainika kabisa, akatia vitunguu, saumu, nyanya na tangawizi, akafunika sufuria, akazima jiko, akaenda kulala. Mimi nilikula nusu kabichi.

Saa saba na dakika kumi usiku nilikuwa nimejikunyata kitandani na jozi zangu nne za soksi, sweta mbili, blanketi, na skafu ndefu ya sufu niliyoizungusha shingoni, huku meno yakigongana kwa sauti ambayo mwenzangu wa chumbani alikuja kuniambia baadaye kwamba alidhani ni panya. Kabichi ilikuwa ikiendelea na mazungumzo yake tumboni. Ndipo nikalikumbuka bakuli langu la karoti zilizokwaruzwa lililokuwa kwenye friji, nikaanza kufikiri kisheria. Blenda nimekatazwa. Kuwasha jiko ni kupika. Lakini sufuria ile kubwa, iliyofunikwa, bila shaka ilikuwa bado na joto, na hakuna kifungu chochote kinachoikataza karoti kukaa karibu na jirani mwenye joto, mradi isivuke nyuzi 42. Nia yangu, naapa, ilikuwa karoti.

Nilinyata hadi jikoni, nikalichukua bakuli, nikauacha mlango wa friji wazi kidogo ili unipe mwanga, nikafunua sufuria. Mvuke ukapanda. Ninyi mnadhani mnaujua mvuke wa maharagwe kwa kuwa mnaupata mara kwa mara, lakini hamjaupata baada ya siku kumi na tisa za kutafuna vitu vya baridi. Uliingia puani, ukazunguka nyuma ya macho, ukanigusa mahali ambapo huwa naguswa na habari za watoto waliofaulu mitihani. Miwani ikafunikwa na ukungu papo hapo, na tangu hapo sikuona kitu. Bakuli langu lilikuwa dogo kuliko mdomo wa sufuria, lisingeweza kukaa juu yake, kwa hiyo nililishika kwa mkono wa kushoto juu ya mvuke, na kwa mkono wa kulia nikachomeka kipimajoto ndani ya karoti. Kukisoma ilibidi niiname sana, pua ikikaribia kugusa sindano. Nyuzi 9. Nikangoja. Nyuzi 11.

Nilipokuwa nangojea ya 12, nikahisi kifuani kitu chenye uvuguvugu kikinipanda polepole. Ilinichukua muda kuelewa. Ncha ya skafu ilikuwa imeteleza kutoka begani, imezama kwenye mchuzi, na sufu, kama mnavyojua, hunywa kuliko mtu yeyote katika hadithi hii. Mchuzi ulikuwa unapanda kwenye skafu kuja kwangu. Mikono yote miwili ilikuwa kazini. Nikitua bakuli gizani, huku sioni, ningelimwaga. Kilichobaki bila kazi ni mdomo. Nikashusha kidevu, nikaikamata skafu kwa meno, nikaanza kuivuta, pindo kwa pindo, kama mtu avutaye kamba ya ndoo kisimani, mpaka ncha ilipofika mdomoni ikiwa imelowa chapachapa na inatiririka. Sasa niambieni, mlio na busara kuliko mimi: ningeiachia idondoshe mchuzi kwenye sakafu ya watu?

Nikaifyonza. Nilifanya hivyo kwa sababu za usafi.

Kitunguu kilikuja kwanza, kisha tangawizi, halafu chumvi, na mwisho ule unene wa maharagwe yaliyovunjika ambao hauna jina. Masikio yangu yakapata joto. Nakumbuka nilifikiri, kwa utulivu kabisa, kwamba sijala chochote; kwamba anayekula hutumia kijiko au mkono; kwamba kama kuna aliyekula hapa ni skafu, na skafu haikutangaza siku thelathini. Rafiki yangu ameandika kwamba niliichovya mara tatu. Kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli, nasahihisha: ni mara nne, ila ile ya kwanza ilikuwa ajali. Mara ya pili niliiachia tu meno ikarudi yenyewe. Mara ya tatu niliinama ili ifike chini kwenye uzito. Mara ya nne ndiyo niliyotoa sauti.

Mwenyeji anasema aliisikia sauti hiyo kutoka chumbani kwake, akadhani paka wa jirani ameingia, akaja na ufagio mkono mmoja na simu mkono wa pili. Sikumwona kwa sababu ya ukungu wa miwani, na sikumsikia kwa sababu ya kazi. Taa ikawashwa. Mnayo picha, kwa hiyo sina haja ya kuieleza sana: blanketi begani, miwani meupe pe, bakuli la karoti mkono wa kushoto limeinuliwa kama sadaka, kipimajoto mkono wa kulia, skafu imetoka mdomoni mwangu ikaenda moja kwa moja mpaka ndani ya sufuria, na ganda la harage limebandika kidevuni. Wengine mmeniuliza kwa nini kwenye picha natabasamu. Sitabasamu. Ndivyo uso unavyokaa ukiwa umeuma sufu.

Tukatazamana, yaani yeye alinitazama na mimi niliutazama ukungu upande aliokuwapo. Friji ilianza kunguruma. Akaniuliza, taratibu, kama anayemsemesha mtu aliyesimama ukingoni mwa paa, "Unafanya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema nimesikia harufu ya gesi. Ningeweza kujifanya natembea usingizini, jambo ambalo kwa mavazi yale lingeaminika. Badala yake nilifumbua mdomo bila kuiachia skafu, nikasema, "Napasha karoti." Tone moja la mchuzi likadondoka kutoka kidevuni likaangukia sakafu ileile niliyokuwa nikiilinda.

Hakucheka mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Aliketi kwanza. Alivuta kiti, akaketi, akauweka ufagio magotini, ndipo akaanza, na alipoanza wale wengine wanne wakaja kama walivyokuja kwa blenda. Katika kushtuka kwangu kipimajoto kiliniponyoka, kikazama, na hakuna aliyekubali kukitafuta usiku ule.

Yaliyofuata hayana uzito. Picha ilitumwa kabla sijafuta miwani. Mchana wa jana kipimajoto kilitokea kwenye bakuli la mmoja wa wageni, ambaye alikiinua, akakipangusa, na kuwatangazia wote kwamba kimeganda kwenye nyuzi 61. Mimi nilikuwa nakula bakuli la pili, kwa kijiko, na sikujibu. Siku thelathini zimefungwa rasmi, msiniandikie kuulizia siku ya ishirini. Karoti zile alizila mwenyeji kwa chakula cha usiku, akasema kwamba kweli zilikuwa na uvuguvugu kidogo. Skafu nimeifua mara mbili na bado inanukia saumu, nami sijaamua kama nitaifua mara ya tatu.