Mchezo wa feri na hofu ya kuibiwa

Kijana mmoja wa Majengo, Mombasa, ametunga mchezo wa ubaoni: kete zinavuka kutoka Likoni kuja kisiwani, na dadu ndiyo inayoamua nani apande feri na nani aozee kwenye foleni. Mtamu, nimeucheza. Lakini kabla ya kukufunulia ubao anataka utie sahihi kwamba hutatoa siri. Wenzake wanamcheka. Mimi naona hofu yake ina msingi. Dawa ndiyo siyo.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 kinasema kanuni za kucheza michezo hazipewi hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Hakimiliki nayo inalinda michoro na maneno ya maelezo, tena yenyewe tu, mara unapoyaandika. Kuyasajili kunakuongezea ushahidi. Wazo hailigusi. Kesho mtu akichora majahazi ya Lamu badala ya feri, akaandika kanuni zilezile kwa maneno yake, akauza Markiti, kijana hana kesi.

Ni dhuluma? Miaka miwili ya kukesha si mchezo. Lakini hata hataza si ngao ya chuma: Elizabeth Magie alipata yake Marekani mwaka 1904 kwa mchezo uliozaa Monopoly, akapata nyingine 1924, na mwaka 1935 kampuni ya michezo ya Parker Brothers ikainunua kwa dola 500 tu.

Tena kuna upande wa pili, ambao kijana hapendi kuusikia. Wazee barazani wanacheza bao, mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayemlipa mtu kwa hatua zake za namua wala mtaji. Na huo mchezo wake una damu ya ludo, iliyotokana na pachisi ya India. Kanuni zingekuwa na mwenyewe, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kudaiwa.

Kwa hiyo mkataba wa siri amwekee mpiga chapa, kabla ya kumpelekea michoro. Wachezaji awaachie ubao waucheze mpaka wauvunje, maana mchezo usiojaribiwa na wageni hauna anayeutamani, hata mwizi. Pesa kidogo alizonazo zikasajili jina kama alama ya biashara, ambayo hudumu miaka 10 na huhuishwa.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu ameuita "Feri". Jina linaloeleza tu kilichomo ni gumu kusajiliwa. Nimempa mawili mengine, ameyakataa yote.