Kizuizi cha korodani za samaki: kuchelewa si udhaifu

Katika korodani za panya, kizuizi cha damu, yaani ukuta unaozitenga seli za mbegu na damu pamoja na kinga ya mwili, huzikinga seli hizo tangu hatua za mwanzo za meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu. Kwa sato, viungio vya kubana (vinavyoziba nafasi) kati ya seli za Sertoli, zinazozunguka na kulea seli za mbegu ndani ya vifuko, hukamilika baadaye, kwenye vifuko vyenye spermatidi, yaani seli zilizomaliza meiosisi. Ndiyo maana wapo wanaoviona viungio hivyo kuwa vya kazi ndogo kwa samaki. Hoja wanayo: spermatosaiti (seli zilizo katika meiosisi) hupita meiosisi bila kizuizi kamili, na mwaka 2004 spermatogonia (seli changa za mbegu, kabla ya meiosisi) za samaki mdogo aitwaye medaka zilizokuzwa maabara zilitoa mbegu zinazoogelea.

Jaribio hilo linaonyesha kinachowezekana kwenye chombo, ambako hakuna damu wala kinga ya mwili ya kuzuiwa. Ndani ya samaki kuna kifuko, na seli zake zote ni uzao wa spermatogonia moja, zikikua sambamba. Gapi, samaki mdogo, ana vizazi 14 vya spermatogonia. Tukihesabu migawanyiko 13 tu iliyo kati ya vizazi hivyo, seli moja hufikia 8,192. Meiosisi ikizidisha mara 4, zinakuwa 32,768. Ni hesabu ya karatasi, kwani nyingi hufa njiani, lakini hata nusu yake inahitaji ukuta unaotanuka sana bila kuachia.

Ukuta hutanuka kwa seli za Sertoli kuongezeka. Kwa kambale na sato, seli hizo hugawanyika hasa kifuko kikiwa na spermatogonia na mwanzoni mwa meiosisi, kisha hukoma karibu na wakati viungio vya kubana vinapokamilika. Sidai kwamba viungio ndivyo vinavyozisimamisha. Tishu nyingine hugawanyika zikiwa zimefungamana. Ila mpangilio huo unaeleweka: kifuko hupata ukubwa wake, kisha hufungwa pale spermatidi zinapoanza kubeba protini ambazo kinga ya mwili haizitambui kama zake. Baadaye viungio hivyohivyo vinapaswa kulegea ili mbegu zitoke. Visipolegea, zinabaki kifukoni.

Kosa linalozaa dharau hii mara nyingi ni la upimaji. Korodani moja ina vifuko vya hatua zote, bega kwa bega. Ukisaga korodani nzima na kupima klaudini, protini ya viungio vya kubana, wingi wa vifuko vichanga unaizimua, na ongezeko la vifuko vya spermatidi linaipandisha hata kama hakuna seli iliyobadilika. Kata vipande vyembamba, tambua hatua ya kila kifuko, kisha hesabu kifuko kwa kifuko.