Wakimbizi wa Utica: Nani Analipa, Nani Anavuna

Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi na kuwapa makaazi ya kudumu, na baadaye ikaweka ukomo wa watu 7,500 kwa mwaka wa fedha wa 2026, ilhali mwaka 2024 ilikuwa imepokea watu wapatao 100,000. Huku kwetu Unguja na Pemba, ambako ni nadra kuukuta ukoo usio na mtu aliyehamia ng'ambo, habari hiyo imezungumzwa kwa namna mbili. Wapo wanaoiona kuwa ni ubaguzi mtupu na kuufunga mjadala hapo hapo. Wapo pia, na si wachache, wanaosema kwamba mkimbizi ni mzigo popote aendapo, kwamba mji wowote wa kiasi una haki ya kusema basi, na kwamba hata sisi tungefanya vivyo hivyo. Kauli ya kwanza ni ya haraka mno. Ya pili ina sehemu ya ukweli ambayo nitaifikia, lakini imejengwa juu ya sura ya mkimbizi isiyohusiana na jambo linalojadiliwa.

Sura hiyo ni ya kambi. Anapotajwa mkimbizi, sisi huiona Nyarugusu au Nduta kule Kigoma, au Dadaab upande wa Kenya: mahema, foleni ya mgao na watoto waliozaliwa wakakulia ndani ya mipaka ya kambi. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali, wala asifanye kazi bila ruhusa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelizuia kwa sheria, kisha tunamlaumu mgeni kwa kula bila kulima. Anayepelekwa Marekani chini ya mpango huu yuko katika hali nyengine kabisa. Ana haki ya kufanya kazi tangu anapofika, msaada wa mapokezi anaopewa kupitia mashirika ni wa siku 90, na hata nauli ya ndege iliyompeleka ni mkopo usio na riba anaotakiwa kuanza kuulipa baada ya miezi michache. Mtu wa namna hiyo hawezi kupimwa kwa kipimo cha kambi.

Mji wa Utica, katika jimbo la New York, unafaa kutazamwa kwa utulivu kwa sababu kituo chake cha kupokea wakimbizi kilianzishwa mwaka 1979, kwa hiyo matokeo ya muda mrefu yameshaonekana. Mwaka 1960 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Viwanda vya nguo vilikuwa vimeshaanza kuondoka, General Electric nayo ikaja kuondoka, na mwaka 1995 kambi ya jeshi la anga ya Griffiss, katika mji jirani wa Rome, ikapunguziwa shughuli hadi kufungwa. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta watu 60,651. Mji unaopungukiwa na watu haupungukiwi na gharama kwa kiasi kile kile. Mabomba ya maji, barabara, majengo ya skuli na pensheni za wafanyakazi wa zamani vilikuwa vimepimwa kwa watu 100,000, na sasa vikabaki mikononi mwa 60,000, kama mjukuu aliyerithi kanzu ya babu aliyekuwa pande la mtu: inamburura, na gharama ya kuifua haikupungua.

Wabosnia walianza kuwasili kwa wingi miaka ya 1990, wakikimbia vita vya Yugoslavia. Walikuta mitaa yenye nyumba za mbao zilizohamwa, nyengine zikiwa zimeungua, na bei ya chini ambayo fundi au mfanyakazi wa kiwandani angeweza kuimudu. Wakazinunua, wakazikarabati kwa mikono yao na ya jamaa zao, na nyumba iliyokuwa haiingizi kitu ikarudi katika daftari la kodi ya majengo. Kanisa la Wamethodisti lililokuwa limebaki tupu jirani na ofisi kuu ya manispaa likanunuliwa na kuwa msikiti wao, na minara yake sasa inaonekana na kila anayekwenda kumuona meya. Baada ya Wabosnia wakaja Wakaren kutoka Myanmar, Wabantu wa Somalia na wengine, hata ikakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila wanne mjini humo ni mkimbizi au mtu wa familia ya mkimbizi. Sensa ya 2010 ikahesabu watu 62,235, na ile ya 2020 ikahesabu 65,283.

Wanaolidharau ongezeko hilo husema kwamba watu wasiofika 5,000 kwa miaka 20 si jambo la kuandikia. Nadhani wanatazama pasipo. Kati ya 1960 na 2000 Utica ilikuwa ikipoteza karibu watu 1,000 kila mwaka, na mji ulioshika mwendo huo hausimami wenyewe. Kila anayeondoka huwaachia waliobaki sehemu yake ya gharama, na gharama hiyo humsukuma mwengine aondoke. Faida kubwa ya wakimbizi kwa Utica ilikuwa kuukata mzunguko huo. Waajiri waliiona mapema kuliko wanasiasa. Hamdi Ulukaya, Mkurdi aliyetoka Uturuki, mwaka 2005 alinunua kiwanda cha maziwa kilichokuwa kikifungwa katika kijiji kisicho mbali na Utica, akaanzisha kampuni ya mtindi ya Chobani, na alipokosa wafanyakazi akawafuata wakimbizi wa mjini, akawawekea mabasi na wakalimani.

Hao Wabantu wa Somalia, kwa njia, si wageni kabisa kwa historia yetu. Ni wajukuu wa Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo waliokamatwa katika karne ya 19 na kupelekwa pwani ya Benadir, wengi wao wakipitia soko la watumwa la Unguja. Marekani iliamua mwaka 1999 kuwachukua wapatao 12,000, na Tanzania nayo iliwapokea baadhi yao Chogo, wilayani Handeni, ikawapa ardhi na wengi uraia. Wapo wanaozungumza Kizigua hadi leo. Anayesema kwamba habari za wakimbizi wa huko hazimhusu Mzanzibari angefaa kukumbuka walianzia wapi.

Sasa upande wa pili. Mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, ulikuwa na watu wapatao 36,000 pale Wasomali walipoanza kuhamia mwaka 2001. Hadi Oktoba 2002 walikuwa wamefika zaidi ya 1,000, na meya Laurier Raymond akaandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wawazuie jamaa zao wasiendelee kuja, kwa sababu mji ulikuwa umefika mwisho wa uwezo wake kifedha, kimajengo na kihisia. Barua ile ilikuwa na kosa la wazi: iliwaandikia wageni kana kwamba wao ndio wanaoendesha hazina. Iliwavutia pia wabaguzi kutoka mbali, ambao Januari 2003 walikuja kufanya mkutano, wakatokea watu kama 30 tu, huku maelfu ya watu wakikusanyika upande wa pili wa mji kuwaunga mkono Wasomali. Wengi huikumbuka Lewiston kwa mkutano huo na kumuacha meya akiwa mbaguzi wa hadithi.

Lakini tuisome barua kwa haki. Wasomali wa Lewiston, kwa sehemu kubwa, hawakupelekwa pale na Serikali Kuu. Walikuwa wamepangiwa miji mikubwa kama Atlanta, wakaona kodi ya pango ni kubwa na mitaa si salama kwa watoto, wakahama wenyewe. Fedha za mapokezi zilikuwa zimeshatumika kule walikofikia kwanza, hazikuwafuata. Mji mdogo, ambao nao viwanda vyake vya nguo vilikuwa vimekufa, ukajikuta unatafuta walimu wa Kiingereza, wakalimani wa hospitali na msaada wa dharura ndani ya miezi 18. Meya aliyelalamikia hilo alikuwa na hoja ya hesabu, hata kama aliipeleka kwa asiyehusika.

Utica nayo haikuwa bila dosari. Skuli yake ya sekondari ya Proctor ina wanafunzi wanaozungumza lugha zaidi ya 40, na mwaka 2015 wilaya ya skuli ilishtakiwa kwa kuwaelekeza vijana wakimbizi waliokwisha kupita umri wa miaka 16 kwenye madarasa ya Kiingereza yasiyotoa cheti cha sekondari. Kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Sikusudii kuwatetea wakuu wa skuli, ila ni rahisi kuona kilichowafikisha hapo: kijana wa miaka 18 asiyewahi kukaa darasani huteremsha wastani wa matokeo na huhitaji mwalimu karibu peke yake.

Kuhusu mishahara sitakaa sana, kwa sababu wachumi wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliondoka bandari ya Mariel na nguvu kazi ya Miami ikaongezeka kwa asilimia 7. David Card hakuona kwamba wenyeji walipunjwa, na miaka mingi baadaye George Borjas akazipitia takwimu akaona kwamba wanaume wasiomaliza sekondari waliumia. Kila upande una tarakimu zake.

Tarakimu ninayoona inastahili kuchambuliwa zaidi ni dola 21,000. Wachumi William Evans na Daniel Fitzgerald wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika utafiti wa mwaka 2017, waliwafuatilia wakimbizi walioingia Marekani wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 45. Waliona kwamba katika miaka 20 ya mwanzo mtu mmoja hugharimu, kwa wastani, dola 15,148 za mapokezi na dola 92,217 za misaada mbalimbali, na hulipa kodi ya dola 128,689. Kinachobaki ni faida ya takriban dola 21,000 kwa serikali za ngazi zote. Watetezi wa wakimbizi huipeperusha tarakimu hiyo kama bendera, lakini ukiigawa kwa miaka 20 unapata dola elfu moja na kidogo kwa mwaka, ambazo si utajiri. Uzito wake uko kwengine: inaonesha kwamba hata mtu aliyefika mikono mitupu, bila lugha, mwisho wa hesabu hakuwa mzigo. Utafiti huo uliona pia kwamba baada ya miaka sita wakimbizi hufanya kazi kwa kiwango kisichopungua cha wenyeji, ingawa kipato chao hakiwafikii.

Hata hivyo tarakimu hiyo imeficha mambo mawili. La kwanza ni wakati: gharama ziko mwanzoni na mapato yako mbele, kwa hiyo diwani anayehesabu kura za mwaka wa pili anaona hasara tupu. La pili, na ndilo zito zaidi, ni mfuko. Kodi ya mapato na michango ya hifadhi ya jamii inayokatwa kwenye mshahara wa Mbosnia wa Utica kwa sehemu kubwa inakwenda Washington. Mwalimu wa mtoto wake analipwa na jimbo na kodi za mji. Hesabu ya dola 21,000 inamfuata mtu mzima. Kiti cha mtoto darasani hakimo ndani yake. Na hapo kuna jambo linalouma: utafiti huo huo unaonesha kwamba waliofika kabla ya miaka 14 humaliza sekondari na kuingia vyuoni sawa na wenzao wenyeji, na wanaobaki nyuma ni waliofika wakiwa vijana wakubwa, yaani wale wale ambao Utica iliwaelekeza pembeni. Mji ulibana pale ambapo kila dola ingerudi, kwa kuwa ilijua itakayorudi haitarudi kwake. Mavuno ambayo manispaa inayashika kwa mkono wake ni kodi ya majengo, nayo hutegemea kuwepo nyumba tupu za kujazwa.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba mfano wa Utica unaweza kubebwa mzima mzima hadi Unguja. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na mkoa wa Mjini Magharibi haujui nyumba iliyokosa mpangaji. Anayelalamika Kwahani au Amani kwamba wageni wanapandisha kodi ya pango anasema jambo ambalo Utica ya 1995 isingelijua, na haifai kumuita mchoyo. Ila tusisahau kwamba na sisi tumewahi kuwa wageni wa watu. Mwaka 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari, watu wapatao 2,000 walivuka kutoka Pemba hadi Shimoni, kijiji kidogo cha wavuvi upande wa Kenya kilichowapokea kabla shirika lolote halijafika. Na waliokwenda Muskat baada ya 1970 walikuta nchi inayotafuta watu waliosoma, wakaajiriwa katika wizara, hospitali na kampuni ya mafuta. Hakuna aliyewaita mzigo, kwa kuwa kazi ilikuwepo na aliyewaita ndiye aliyewalipa.

Suali la mfuko, hata hivyo, liko kwetu pia. Tanzania iliwakubalia uraia Warundi 162,156 waliokimbia mwaka 1972, jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu. Mpango ulikuwa wahamishwe kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu na kusambazwa katika mikoa mengine, na vyeti vyao vikashikiliwa vikingojea uhamisho huo. Mikoa iliyotakiwa kuwapokea ikasita, fedha za kutosha za ardhi, skuli na zahanati hazikupatikana, na mwaka 2014 wakapewa vyeti wakiwa pale pale walipo. Meya wa Lewiston angezielewa halmashauri hizo bila kutafsiriwa, na jibu linalowafaa wote ni moja: fedha za Serikali Kuu zimfuate mtu hadi mji anaokaa, kwa muda wote ambao watoto wake wako skuli, badala ya kuishia siku ya 90.