Maabara ya wingu chuoni: kukodi seva si kuichunguza

Mwaka 2014, Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, NSF, iliidhinisha dola milioni 10 kwa kila mmoja wa miradi miwili ya vyuo vikuu ya maabara za kuchunguza wingu, yaani kompyuta kubwa (seva) zinazotumiwa na watu wengi kupitia mtandao: Chameleon, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na kituo cha kompyuta kubwa cha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na CloudLab, ambayo seva zake ziliwekwa Utah, Wisconsin na Clemson. Kila inapojadiliwa bajeti ya namna hii, huulizwa swali lilelile, nalo ni la haki: chuo kinunue seva za nini, ilhali Amazon, Google na Microsoft wanazikodisha kwa saa?

Wanaouliza wana hoja. Seva huchakaa mapema, umeme na vipoza hewa havilipiwi mara moja, na Chameleon ililazimika kupata dola milioni 10 nyingine mwaka 2017, na tena 2020. NSF yenyewe mwaka 2019 ilifadhili CloudBank, mradi wa kuwarahisishia watafiti kununua huduma za makampuni hayohayo.

Hata hivyo, anayeishia hapo anachanganya kulitumia wingu na kulichunguza. Mwanabiolojia mwenye data ya kuchambua na akodi. Hana haja ya kujua seva iko wapi. Anayetafiti wingu lenyewe ni kama fundi makanika, na hakuna anayekodisha gari akakuruhusu kulishusha injini. Kwa kawaida kampuni humpa mteja mashine pepe, yaani kipande cha seva anayochangia na wapangaji asiowajua, na programu inayoigawa seva hiyo iko mikononi mwa mwenye mali. CloudLab humkabidhi mtafiti seva nzima. Anachagua aina anayoitaka, anasubiri dakika chache, anaingia akiwa na mamlaka yote, anafuta mfumo endeshi aliokuta, anaweka ule alioubadilisha mwenyewe, kisha anaiwasha upya. Ikigoma kuwaka, anasoma kwenye konsoli, yaani skrini ya kuifuatilia seva, imekwama mstari gani. Muda wake ukiisha, diski hufutwa na mwingine anaingia.

Faida ya mamlaka hayo inaonekana vizuri katika utafiti mmoja ambao, kwa maoni yangu, haujazungumzwa inavyostahili. Kwa miezi 10 watafiti wa CloudLab walipima seva 835 na kukusanya vipimo karibu 900,000, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Walionyesha kwamba seva za aina moja, zenye vipuri vinavyodhaniwa kufanana, zikiendesha programu ileile, hazitoi vipimo sawa vya kasi, na kwamba zimo chache zinazoachana na wenzao kiasi cha kupotosha hesabu nzima. Sasa mchukue mwanafunzi wa uzamivu anayedai kuwa mbinu yake imeongeza kasi kwa asilimia 5, naye amepima mara tatu tu. Je, ni mbinu iliyoongeza kasi, au alibahatika kupewa seva nzuri? Akiwa amekodi, hana njia ya uhakika ya kujibu, kwa kuwa kesho huenda akapangiwa seva nyingine yenye majirani wengine, na kampuni inaweza kubadili programu inayoigawa seva bila kumwarifu. Katika maabara kila seva ina jina lake. Ataiomba ileile, atarudia, na mwenzake wa chuo kingine ataiomba pia amhakiki. Wala jambo hili haliwahusu wasomi peke yao, maana ziko biashara zinazosaini mikataba yenye masharti ya kasi.

Maabara hizi zina udhaifu wake. Siku za mwisho za kuwasilisha makala za mikutano mikubwa zikikaribia, seva hugombewa. Tena yapo matatizo yasiyojitokeza mpaka seva zifike malaki, na hayo chuo hakitayaona. Makampuni huyaona, kisha hutangaza yale yanayowafaa kutangaza. (Sababu hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu asitake elimu yote ya wingu ikae mikononi mwao.)

Kwa hiyo ningeuunga mkono ujenzi wa maabara za namna hii, kwa sharti moja: bajeti ioneshe tangu mwanzo fedha za kubadilisha seva zitakapochakaa na mishahara ya mafundi watakaozitunza. Ombi lisilo na vifungu hivyo ningelirudisha, hata kama jengo lenyewe limeshapata mfadhili.