Suti Nyeupe Tuachieni, Tuleteeni Mtu wa Kusoma Migomba

Oktoba ikifika, Wiki ya Anga Duniani hutuletea bango lilelile. Mtoto wa shule amevalishwa suti nyeupe ya mwanaanga, kofia ya kioo kaibana kwapani, mwezi unang'aa nyuma yake. Mgeni rasmi anapanda jukwaani, anawaambia wanafunzi kwamba mmoja wao atafika huko juu, makofi yanapigwa, soda zinafunguliwa, watu wanapanda taksi kurudi makwao. Yule mwanafunzi wa kule nyuma aliyetaka kuuliza "nikishasoma hiyo anga, naajiriwa na nani?" anaambiwa muda umekwisha.

Swali lake ndilo lililokuwa na maana siku hiyo. Na jibu lipo, tena si baya, ila halipendezi kwenye bango: kazi ya anga hapa Uganda iko chini, udongoni, na mara nyingine matopeni kabisa.

Tunacho cha kujivunia, sikatai. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliundwa na Waganda watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, chini ya mradi wa BIRDS-5. Ilirushwa kutoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Desemba, pamoja na ile ya Zimbabwe. Kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Waliocheka udogo wake hawajawahi kuunda kitu kinachopaswa kufanya kazi bila fundi kukigusa tena. Gundi na plastiki zake lazima zipashwe joto ndani ya ombwe kwanza, maana mvuke wake ukitokea angani hugandia kwenye lenzi. Antena hukunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Kisetilaiti kikiachiliwa hukaa kimya dakika 30, halafu betri hupasha moto kijiwaya cha kuukata uzi huo. Uzi ukiyeyuka nusu, au betri ikiwa baridi na umeme wake mdogo, antena haifunguki, na kazi ya miaka miwili inageuka jiwe linaloizunguka dunia kila dakika 92.

Kwa hiyo nakiri, kwa shingo upande, kwamba fedha za setilaiti ile hazikupotea. Waliojifunza hayo hawakuyasoma kitabuni.

Lakini kitu kilichoachiliwa kwenye kimo cha kilomita 400 hivi hakikai. Hewa nyembamba ya huko hukivuta kidogo kidogo, na kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili kimeshuka na kuungua. Jua likichachamaa, hewa hiyo huvimba na muda hupungua zaidi. Februari 2022 dhoruba ya jua iliangusha karibu setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa pamoja siku moja tu kabla. Mhandisi anahitaji ajira ya miaka 30. Setilaiti hii inampa miwili. Ile 28 iliyobaki ndiyo tungepaswa kuijadili jukwaani badala ya kupiga makofi.

Tazama upande wa kituo cha ardhini kwanza. Setilaiti ya namna ile huonekana kutoka kituo cha Mukono mara nne au tano kwa siku, na zenye kimo cha kutosha juu ya upeo ni mbili au tatu. Kila mara ni dakika 10 kwa wingi. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, dakika hizo 10 zinashusha kilobaiti 720, nazo ni za kwenye karatasi. Picha moja ya simu yako ni megabaiti tatu au nne. Sasa ongeza kwamba masafa ya megahezi 437 huyumba kilohezi 10 juu inapokuja na 10 chini inapoondoka, kwa hiyo redio isiyofuatilia mwendo huo inasikia mkwaruzo mtupu. Ongeza waya mwembamba wa antena wa mita 10, ule wa RG-58 unaouzwa kila duka, ambao kwa masafa hayo humeza zaidi ya nusu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye redio. Dawa yake ni kikuza mawimbi kidogo kinachofungwa juu kabisa, kwenye antena yenyewe, wala si chini mezani ambako kitakuza kelele pamoja na neno. Na juu ya yote hayo kuna radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Mlingoti usio na waya wa ardhi na kinga ya radi kwenye kila waya unaoingia ndani hautamaliza msimu wa mvua.

Hizo ni kazi. Fundi wa mlingoti, mtu wa redio, mtu wa programu, mtu wa zamu ya saa tisa usiku. Hakuna hata mmoja wao anayevaa suti nyeupe.

Hata hivyo kituo kimoja hakiajiri watu wengi, na si hapo hasira yangu ilipo. Hasira yangu iko kwenye kahawa.

Umoja wa Ulaya umetunga sheria ya kuzuia mazao yaliyolimwa kwa kukata misitu. Imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haijafutwa, na kahawa imo. Shamba lisiwe limekatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba liwe na viwianishi vyake, yaani namba za mahali lilipo duniani: nukta moja kwa shamba dogo, mchoro wa mipaka kwa lililozidi hekta 4. Anayehakiki hatakuja Masaka. Atafungua picha za setilaiti. Yaani mkulima wa ekari moja ambaye hajawahi kusikia neno setilaiti ameshaingia kwenye sekta ya anga kwa nguvu, na sisi tuko jukwaani tunazungumzia mwezi.

Haya, tuzifungue picha hizo. Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya, ni bure, pikseli yake (kitone kimoja cha picha) ni mita 10 kwa 10, inapita kila siku 5. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani pikseli 40. Zile za ukingoni zimeshika shamba kidogo, njia kidogo na ua wa jirani kidogo; ziondoe, unabaki na 16 hivi zilizo safi. Ndani ya hizo 16 kuna nini? Migomba juu, kahawa katikati, maharagwe chini, na mti mmoja mkubwa wa mutuba uliopandwa na babu. Programu iliyofundishwa kwa mashamba ya mahindi ya Iowa, Marekani, zao moja mpaka macho yachoke, ikiangalia hapo inaona kijani kizito na kuandika: msitu. Mwaka unaofuata mkulima anapogoa mutuba ili kahawa ipate mwanga, kama bwana shamba alivyomshauri, programu inaona kijani kimepungua na kuandika: msitu umekatwa. Mtu kafuata ushauri wa kilimo bora, kapewa jina la mharibifu wa mazingira na kompyuta ambayo haijui mgomba.

Na mawingu je? Masaka ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na ndiyo miezi ambayo mimea inakua na picha inahitajika. Siku 5 za Sentinel-2 zinageuka wiki sita za pamba nyeupe. Wataalamu wa semina watasema tumia rada, inapenya wingu. Kweli, inapenya. Lakini setilaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1B, ilikufa Desemba 2021 kwa hitilafu ya umeme, na mwenzake Sentinel-1C akapaa Desemba 2024; miaka mitatu nzima tulitegemea moja. Isitoshe, kwenye miteremko ya Kigezi na Elgon rada hukilaza kilele cha kilima juu ya mguu wake na kuuacha upande wa nyuma kivulini. Kahawa ya arabika ya Bugisu inaota hukohuko kwenye miteremko.

Anayeweza kunyoosha hayo yote ni mtu aliyesimama shambani. Anayejua kwamba kijani hiki ni mgomba na kile ni mvule, anayeandika tarehe, anayepiga picha pande nne, anayerudi msimu mwingine kuangalia tena. Mashamba mia mbili yaliyoandikwa hivyo kwa uaminifu yanaifaa programu ya kutambua mazao kuliko kompyuta kubwa yoyote utakayonunua. Mtu huyo mnamwita nani? Kwenye matangazo ya kazi mnamwita "mkusanya takwimu wa muda", mnampa posho ya boda na fulana, mnamwachisha baada ya wiki mbili. Halafu mnashangaa kwa nini ramani ni ya hovyo.

Makosa yake, kwa kukosa mafunzo, yanajulikana mpaka yanachosha. La kwanza, kupima nukta uani kwa mkulima kwa sababu jua kali na shamba liko mbali. La pili, kugeuza namba: Masaka ni nyuzi 0.34 kusini na 31.73 mashariki, ukizibadilishana nafasi, kahawa yako inaota jangwani Algeria. La tatu ndilo letu hasa, watu wa ikweta: kusahau alama ya kutoa. Ondoa kijistari mbele ya 0.34, na shamba linaruka karibu kilomita 75 kaskazini, linavuka ikweta, mstari uleule ambao pale Kayabwe watalii wanaonyeshwa maji yakizunguka kwenye beseni, linatua upande wa Mubende na Mityana. Hakuna programu itakayolalamika, maana huko nako kuna kahawa. La nne ni maigizo tu: fomu inadai tarakimu sita baada ya nukta, usahihi wa sentimita 11, kutoka kwa simu ambayo chini ya migomba inakosea mita 10. Zijaze, wametaka wenyewe.

Kama serikali ina fedha za setilaiti ya pili, sina ugomvi nayo. Nataka tu kwamba kabla ya bolti ya kwanza kukazwa, wawepo watu mia wa kazi hii ya shambani wenye mkataba, bima na cheo kinachotamkika.

Mengine kwa kifupi. Vyuma vinavyoanguka kutoka angani vimeacha kuwa hadithi: Desemba 2024 pete ya chuma ya karibu kilo 500 ilidondoka kijijini Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu Kenya, na wanasheria wa anga katika ukanda huu ni haba. Uwakili wa anga ni kazi, someni. Ionosfia ya ikweta, lile tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, inavuruga GPS kuliko mahali pengi duniani, hasa baada ya jua kutua karibu na Machi na Septemba. Mbarara kuna kipokezi cha kimataifa kinachorekodi hali hiyo, na wapimaji wa ardhi wanaolaumu mashine zao wangefaidika kuongea na watu wa fizikia wa huko. Karamoja, kipimo cha ukijani kutoka angani kimeshatumika kuamua lini msaada wa ukame uongezwe. Waliofanya hesabu hiyo wamo kwenye ofisi za kawaida, na kwenye bango hutawaona. Na cheti cha "uhandisi wa anga" cha wiki moja mtandaoni kina thamani ileile ya kile cha Nasser Road, mtaa wa vyeti bandia Kampala, tofauti ni kwamba cha Nasser Road kina muhuri mzuri zaidi.

Kwa yule mwanafunzi wa nyuma, basi. Nunua kipokezi cha redio cha USB, dola 40 hivi, au mchangieni watano. Kata fito mbili za alumini, sentimita 53 kila moja, zifunge kama herufi V yenye pembe ya nyuzi 120, zilale sambamba na ardhi, mdomo wa V ukielekea kaskazini au kusini. Pakua SatDump, programu ya kugeuza mawimbi kuwa picha, haina malipo. Zile setilaiti za hali ya hewa za Marekani, NOAA za zamani zilizoko kwenye video zote za YouTube zilizimwa 2025, usipoteze wiki kuzitafuta. Sikiliza Meteor-M za Urusi kwenye megahezi 137.9. Kutuma usitume mpaka UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, wakupe leseni. Picha ikitoka na mistari myeusi, angalia kwanza maungio ya waya kwenye antena, kisha lile taa la LED la jirani linalopiga kelele kwenye redio.

Ukishaipata picha ya ziwa na mawingu yake, fungua Sentinel-2 ya bure, tafuta shamba la nyumbani kwenu, uliendee kwa miguu. Ekari moja, pikseli 40. Andika kila moja ina nini, na tarehe. Kule kusini mwa Kayabwe, weka kistari.