Msikimbilie vidonge kabla ya kipimo

Nimesoma makala yenu kuhusu hedhi kuvurugika, na mwandishi amesema kweli: hedhi ikivurugika, wengi hupewa tu vidonge vya kupanga uzazi. Dada yangu hapa Likoni alikuwa akinenepa, nywele zikipukutika, anatetemeka baridi na joto lote hili la Kaskazi! Majirani walishasema ni jini mahaba. Kumbe tezi ya shingo (thairoidi) imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na hilo nalo huvuruga hedhi. Kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, ndicho kilichoonyesha. Sasa anameza levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni ya tezi, kila asubuhi kabla ya kula. Na madaktari wetu, tafadhali, msimwambie msichana ana PCOS (tatizo la homoni linalovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai) kwa picha ya ultrasaundi peke yake. Pimeni tezi na prolaktini (homoni ya maziwa ya mama) kwanza, muulizeni na hedhi yake inakwendaje.